MAKUMBUSHO YA TAIFA YANAHITAJI WALINZI, NA WALINZI NI WANANCHI

Mwezi wa Juni, 2024, shehena ndogo iliwasili Kampala kutoka Uingereza. Haikuwa shehena ya mitambo wala ya madawa. Ilikuwa ni vitu 39 vya kale vya Uganda, miongoni mwavyo mapambo ya heshima ya watawala na vyombo vya udongo vya kazi ya ustadi, ambavyo vilichukuliwa zama za ukoloni na kukaa miaka mingi katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Vitu hivyo vilipokelewa katika Makumbusho ya Uganda, yaliyoko katika kilima cha Kitante, Kampala.

Tunalipongeza tukio hilo, na tunawapongeza wataalamu wa pande zote mbili waliolifanyia kazi kwa subira. Lakini hatuna budi kuwaeleza wasomaji wetu jambo moja ambalo huenda baadhi yao hawakulisikia katika shangwe za mapokezi. Vitu vile havikurudishwa moja kwa moja. Vilirudi kwa mkopo, kwa muda wa awali wa miaka mitatu, nao muda huo waweza kuongezwa. Maana yake ni kwamba mwenye mali amekopeshwa mali yake mwenyewe.

Miaka mitatu kuanzia 2024 inatufikisha mwaka 2027. Kwa jeshi, miaka mitatu ni muda wa kufundisha kikosi kizima. Kwa taifa, yatosha kujipanga, na yatosha pia kulala usingizi na kuamka tumechelewa. Swali tunaloliuliza leo si kama tunayo haki ya kudai mali ya mababu zetu. Haki hiyo tunayo. Swali ni kama sisi wenyewe tumekuwa wenye mali kwa vitendo, yaani kama tunaijua, tunaitembelea, tunaiorodhesha na kuilinda.

NYUMBA NA HISTORIA YAKE

Makumbusho ya Uganda yalianzishwa mwaka 1908, katika kilima cha Kampala ya Zamani, mahali ambapo Kapteni Lugard alijenga ngome yake mwaka 1890. Yafaa ikumbukwe kwamba hayakuanzishwa na wananchi wala kwa ajili ya wananchi. Watawala wa kigeni walikusanya vitu walivyoviona vya ajabu, na vingi katika hivyo vilikuwa vya ibada na uganga. Ndiyo sababu watu wa Buganda waliiita nyumba hiyo Enyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya pembe za uganga. Mtu wa kawaida aliipita mbali, kwa maana aliona kwamba nguvu za wazee zimefungiwa humo na wageni.

Katika miaka ya 1940 mkusanyo huo ulihamishiwa Makerere, chini ya uangalizi wa Margaret Trowell, mwalimu wa sanaa. Mwaka 1954 ukapata jumba lake lenyewe hapo Kitante, katika barabara ya Kira. Jumba hilo lilichorwa na Ernst May, Mjerumani aliyekuwa bingwa wa usanifu wa majengo, na wenye ujuzi hulihesabu kuwa miongoni mwa majengo bora ya wakati wake katika Afrika Mashariki. Mlezi wake katika miaka hiyo alikuwa Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki, aliyezunguka nchi nzima akinasa nyimbo na ngoma za makabila mbalimbali. Nakala za sauti alizozinasa zimekwisha kurejeshwa nchini, nazo ziko Chuo Kikuu cha Makerere.

Mwaka 1962, mwaka wa Uhuru, lilitendeka jambo kubwa. Masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Waganda, yaliyopelekwa Cambridge na mmisionari John Roscoe mwanzoni mwa karne iliyopita, yalirejeshwa Uganda. Msomaji aangalie tofauti. Mwaka 1962 tulirudishiwa. Mwaka 2024 tumekopeshwa. Hatuoni sababu ya hatua ya pili kuwa fupi kuliko ya kwanza.

YALIYOMO NDANI

Lakini tuache kwanza hoja za madai, tuingie ndani, kwa kuwa wengi wanaozungumzia makumbusho hawajavuka mlango wake tangu walipopelekwa na walimu wao wa shule ya msingi.

Mgeni anayeingia atapokewa na historia ya ardhi yenyewe. Nchi hii ni ya zamani kuliko mipaka yake. Huko Napak, Karamoja, mwaka 2011, wataalamu wa Uganda na Ufaransa walipata fuvu la sokwe wa kale lenye umri wa miaka ipatayo milioni 20. Huko Nsongezi, kando ya mto Kagera, zimepatikana zana za mawe za watu walioishi maelfu mengi ya miaka kabla ya jembe la chuma. Huko Bigo bya Mugenyi, mahandaki marefu yaliyochimbwa na watu wa zamani yanaonekana hata leo, na urefu wake wote unapita kilometa kumi. Afisa yeyote aliyewahi kuwaamuru askari wachimbe handaki la mita hamsini katika udongo mgumu ataelewa ni kazi kiasi gani, na ataacha mara moja kuamini kwamba utawala na mpango wa kazi viliingia nchini pamoja na wageni.

Kuna habari za chuma na chumvi. Wahunzi wa Bunyoro walisifika, na wanawake wa Kibiro, kando ya Ziwa Albert, wanajulikana kwa ustadi wao wa kutoa chumvi katika udongo. Kuna nguo ya gome la mti wa mutuba. Fundi huuvua mti gome lake, kisha huufunga kwa majani ya mgomba ili upone na kutoa gome jingine, halafu hulipondaponda gome kwa nyundo za mti zenye mifuo mpaka linalainika na kupanuka kuwa nguo. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hiyo kuwa miongoni mwa urithi bora wa wanadamu. Nasi twaona ndani yake funzo la utunzaji, kwa kuwa mti unaovuliwa na kufungwa vizuri hutoa tena, bali ule unaovuliwa na kuachwa hukauka.

Kuna silaha za jadi. Ngao ya Waganda ilitengenezwa kwa mbao na kufumwa juu kwa nyuzi za mimea, ikiwa na kinundu katikati, wakati ngao ya Wakaramojong ni ya ngozi, nyembamba na nyepesi, ya mtu anayekimbia katika mbuga. Tofauti hizo si za urembo. Kila ngao yaeleza aina ya nchi, aina ya adui na aina ya vita. Sisi tuliopitia shule ya makadeti tulifundishwa kuisoma ardhi kabla ya kuipigania, lakini kumbe wazee walikwisha kuisoma na kuandika somo lao katika ngozi na mbao.

Hazina kubwa kupita zote, kwa maoni yetu, ni chumba cha ala za muziki. Zimepangwa kwa jamii zake: ngoma, ala za kugonga, za kupuliza na za nyuzi. Hapo mtoto wa Kialuri atakutana na adungu wa kwao, Muganda ataona amadinda na endongo, na Msoga atakuta filimbi zilizofungwa pamoja. Jambo la kupendeza ni kwamba wazo la nyumba hii tangu zamani halikuwa ala kutazamwa tu kama maiti. Ziwepo ili zisikike, na wapigaji waonyeshe jinsi zinavyopigwa. Nyuma ya jumba kipo kijiji cha utamaduni, chenye nyumba za asili za sehemu mbalimbali za nchi, pamoja na vyombo vyake: vibuyu vya maziwa, vikapu, vigoda, mikuki na visu. Mtu atoka nyumba ya magharibi akaingia ya kaskazini kwa hatua ishirini tu. Twajiuliza kama ipo hotuba ya umoja inayoweza kufundisha zaidi ya matembezi hayo ya hatua ishirini.

SOMO LA KIBUUKA

Habari za Kibuuka zinastahili kusimuliwa, hasa kwa vijana wetu walio katika majeshi. Wazee wa Buganda husimulia kwamba zamani za Kabaka Nakibinge, nchi ilipobanwa na Wanyoro, Kibuuka aliletwa kutoka visiwa vya Ssese aje kusaidia. Aliruka akapanda mawinguni, na kutoka huko akawamiminia adui mishale, wala hakuna aliyejua inakotoka. Baadaye akampenda mateka mmoja wa kike wa Kinyoro, akamfunulia siri. Mwanamke yule akatoroka usiku akawaeleza watu wake. Siku iliyofuata mishale ilielekezwa mawinguni, Kibuuka akapigwa, akaanguka Mbaale akafa.

Kila askari aisikiaye hadithi hii hujua maana yake bila kufasiriwa: siri ya vita haisemwi kitandani. Lakini ipo maana ya pili. Watu wa Mbaale hawakumtupa shujaa wao kwa sababu alikosea. Walimjengea hekalu, wakayatunza masalia yake kwa vizazi vingi, mpaka zama za ukoloni zilipoyatoa hapo na kuyapeleka ng'ambo. Taifa linalowakumbuka mashujaa wake pamoja na makosa yao lina akili kuliko taifa linalowafuta.

HATARI ILITOKA NDANI

Tumezoea kusema kwamba urithi wetu uliharibiwa na wakoloni. Ni kweli, lakini si kweli yote. Sisi tunaovaa sare hatuwezi kuzungumza juu ya ulinzi wa urithi bila kuitaja tarehe 24 Mei, 1966, siku ambayo jeshi la nchi hii liliishambulia ikulu ya Kabaka, Lubiri ya Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili alikimbilia ng'ambo, ikulu ikaporwa, na vitu vya heshima vya karne nyingi vikapotea. Ngoma za entenga, zilizokuwa zikipigwa ikulu kwa ustadi usio na mfano, zikanyamaza, na wapigaji wake wakatawanyika. Hatusemi haya ili kutonesha kidonda. Twasema kwa sababu bunduki haina kumbukumbu, bali mwenye kuishika ndiye anayepaswa kuwa nayo. Askari asiyejua thamani ya kitu atakikanyaga bila hata kukusudia uovu.

Usiku wa tarehe 16 Machi, 2010, moto uliteketeza jumba kuu la makaburi ya Kasubi, walikozikwa Makabaka wanne, mahali palipoandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Kazi ya kulijenga upya ilichukua zaidi ya miaka kumi, na ni mwaka 2023 tu mahali hapo palipoondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Nyasi na miti vinaweza kurudishwa. Vilivyoungua ndani havirudi.

Tena mwaka 2011 hatari ilikuja ikiwa imevaa koti la maendeleo. Ulitolewa mpango wa kulibomoa jumba la Kitante, na mahali pake pajengwe jengo la biashara la ghorofa sitini. Wapenzi wa historia waliupinga, hata shauri likafikishwa mahakamani, na mpango ule haukutekelezwa. Jumba bado limesimama. Lakini tujiulize kwa uaminifu: ni wananchi wangapi wangegundua kama lingebomolewa? Ngome isiyo na walinzi hutekwa bila risasi kupigwa. Na jumba lisilotembelewa huonekana kuwa kiwanja kitupu machoni pa mwenye fedha.

HOJA ZA WAPINZANI

Wapo wasemao kwamba vitu vya kale viachwe Ulaya kwa kuwa huko vinatunzwa vizuri zaidi. Tunawajibu kwamba mwezi wa Agosti, 2023, British Museum ya London, mojawapo ya makumbusho makubwa kuliko yote duniani, ilikiri kupotelewa na vitu, na hesabu iliyotolewa ilikuwa vitu vipatavyo 2,000 vilivyoibwa, kukosekana au kuharibiwa. Humo humo ndimo kilimo kichwa cha udongo kilichofukuliwa Luzira mwaka 1929. Hatusemi hivyo kwa kufurahia msiba wa jirani. Twasema tu kwamba hakuna ghala duniani lenye kinga ya mbinguni. Usalama hutokana na daftari, ufunguo na mlinzi mwaminifu, na hivyo vyote vyaweza kupatikana Kampala.

Wapo wasemao kwamba humo mna mambo ya kishirikina. Kwao twasema kwamba kutazama si kuabudu. Mwislamu au Mkristo anayekitazama kitu cha ibada ya mababu hapunguziwi imani yake, bali huongezewa ujuzi wa safari waliyoipita wazee wake.

Wapo pia wasemao kwamba tumbo ni la kwanza, na makumbusho ni anasa. Hoja hii ina uzito, maana hospitali na barabara zina madai yake. Hata hivyo hatuombi jumba la dhahabu. Twaomba paa lisilovuja, ghala kavu, vifaa vya kuzimia moto, na mishahara ya watu wachache wenye ujuzi. Taifa linalomudu kununua risasi laweza kumudu kulinda kile ambacho risasi hununuliwa kukilinda.

MAPENDEKEZO YETU

Kwanza, wananchi waingie. Wazazi wawapeleke watoto wao siku za mapumziko, na wasiwaachie walimu peke yao. Vyuo vya majeshi, polisi na magereza viweke ziara ya makumbusho katika ratiba ya mafunzo, si kama matembezi bali kama somo. Kadeti aliyeiona ngao ya babu yake hatakuwa mwepesi wa kuiharibu ya babu wa mwenzake.

Pili, daftari likamilishwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kitu kiandikwe jina lake katika lugha ya waliokitengeneza, mahali kilipotoka, kazi yake, na namna kilivyofika mikononi mwa serikali. Siku tutakapoketi mezani na Cambridge, yenye vitu vya Uganda vipatavyo 1,500, daftari litazungumza kwa sauti kubwa kuliko hotuba.

Tatu, lugha. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya nchi hii katika Katiba tangu marekebisho ya mwaka 2005, na majeshini kimetumika kwa vizazi. Maelezo ya vitu yaandikwe kwa Kiswahili na lugha za wenyeji pamoja na Kiingereza, ili bibi aliyetoka kijijini asiwe mgeni mbele ya chungu alichokifinyanga mama yake.

Nne, wazee wasikilizwe mapema. Mwaka 2012 tarumbeta za vibuyu za Wasoga, ziitwazo bigwala, ziliandikwa na UNESCO katika orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa kwa haraka, kwa kuwa waliojua kuzipiga walikuwa wamebaki wachache mno. Ala iliyoko kabatini bila mtu wa kuipiga ni mti mkavu tu. Makumbusho yawaalike wazee na vijana pamoja, na kila neno la mzee linaswe.

Tano, makumbusho ya mikoani yaimarishwe, kama yale ya Soroti, Moroto na Kabale, kwa sababu si kila mtoto atapata nauli ya Kampala.

Sita, na hili ndilo kubwa, mazungumzo yaanze sasa, yasingoje mwaka 2027. Yawe mazungumzo ya adabu kati ya watu wanaoheshimiana, lakini shabaha yake iwe moja: neno mkopo lifutwe, na vitu 39 viwe mali ya Uganda kama masalia ya Kibuuka yalivyokuwa mwaka 1962.

Tukumbuke kwamba hakuna atakayetupa heshima tusiyojipa wenyewe. Wajumbe wetu wakienda kudai huku jumba la Kitante likiwa na vumbi na ukimya, watakuwa kama amiri jeshi anayedai ardhi asiyo na askari wa kuishika. Bali wakienda huku nyuma yao kuna foleni ya watoto mlangoni, wakulima, wafanyakazi na askari walioweka silaha zao chini kwa saa moja ili wazitazame za mababu zao, hakuna chuo kikuu duniani kitakachouliza tena kama tuko tayari.

Mwacha mila ni mtumwa, walisema wahenga. Mlango wa Kitante uko wazi, nasi tunawahimiza wasomaji wetu wauingie.